Uzito wa Dada

Kiti kilivunjika wakati dada mkubwa akisugua vikombe vya ushindi vya mdogo wake jikoni, kwa kitambaa na majivu. Mama hakugeuka kutoka kwenye sufuria.

"Kalia tofali, mwanangu. Viti vya kukupa wewe vimekwisha."

Ungemwona dada njiani ungedhani ni mpini wa mwavuli. Nguo zake za usichana bado zilimtosha. Uzito ulikuwa wa wivu tu. Daktari wa zahanati alimpapasa, akamtazama ulimi, akasema ni wivu wa kawaida ila umeshuka miguuni, basi aepuke ngazi za mbao.

Dada na mdogo waliendesha mashua moja ya mashindano. Mdogo alishika usukani. Dada alining'inia nje, upande unakotoka upepo, mgongo ukikaribia kugusa maji, ili tanga lisiilaze mashua. Na kwenye klabu yao kikombe huchorwa jina la mshika usukani peke yake. Mwenzake huitwa mzigo.

Zamani usukani ulikuwa wa dada. Yeye ndiye aliyemfundisha mdogo kuusoma upepo, wakiwa juu ya kitanda, shuka ndiyo tanga. Kisha siku moja mdogo akaja na mkono umefungwa bandeji, hawezi kuning'inia, dada akamwachia usukani mpaka apone. Mkono ulipona. Usukani haukurudi.

Kila kikombe kilipoingia nyumbani, dada aliongezeka uzito. Upepo ukichachamaa, mashua za wenzao zilipinduka kama bakuli. Ya kwao ilisimama kana kwamba imejengwa. Wapinzani wakalalamika. Mwamuzi akampandisha dada kwenye mizani, mizani ikafa. Akapekua kanuni: zilikataza kubeba mawe na kulowesha makoti. Ya wivu hakuiona.

Mdogo alijua fika ushindi wake unatoka wapi. Ndiyo maana vikombe alivileta jikoni badala ya kuvipanga sebuleni.

"Dada, hebu ona walivyonichorea jina. Hata mkia wa herufi wameupinda!"

"Nimeona," dada alisema, na tofali likaachia ufa.

Mbio kubwa za kufunga msimu zilipokaribia, dada akasema, "Safari hii usukani nashika mimi."

"Na mimi nining'inie? Si upepo utanichukua kama soksi!"

"Basi tafuta mzigo mwingine."

Mzigo wa namna ile haukuwepo mji mzima. Mdogo akakubali, shingo upande.

Siku yenyewe upepo ulikuwa wa kung'oa mabati. Dada akashika usukani, akalipeleka tanga alikotaka, wakatangulia. Akaanza kulifikiria jina lake juu ya kikombe. Hapo uzito ukaanza kumtoka, taratibu, kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Walipozunguka boya la mwisho makalio yake yalikuwa yameacha ubao. Akacheka. Mashua ikalala, wenzao wakaanza kuwapita, na dada akapanda hewani, mkono mmoja ukiwa bado kwenye usukani.

Mdogo akamdaka kifundo cha mguu. "Dada, shuka! Tunapinduka!"

"Siwezi, mdogo wangu. Nina raha."

Mdogo akatazama boya, akawatazama wapinzani, akamtazama dada yake huko juu.

"Mkono haukuwahi kuumia," alisema. "Ile bandeji nilijifunga mwenyewe."

Dada akashuka kama nanga, upande uleule unakotoka upepo, mashua ikasimama wima. Usukani ulikuwa tayari mikononi mwa mdogo. Wakashinda.

Jumapili iliyofuata mama alimwita fundi amwage zege pale dada anapokaa, maana sakafu nayo ilikuwa imeanza kulalamika. Mdogo akaingia na kikombe, jina lake likiwa limechorwa upya.

"Hiki kikubwa, dada. Kitataka majivu mengi."

Dada akanyoosha mkono kukipokea.

"Ngoja kidogo, dada," fundi alisema, bila kuinua mwiko. "Zege halijashika."