Ukuta wa Chumba cha Mama

Msitu wetu uko katikati ya jiji, na una mabosi wawili. Watu wa misitu wana miti yao. Watu wa mambo ya kale wana magofu ya mtaa uliokuwepo humu kabla haujawa msitu. Mimi ni mlinzi wa getini. Wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi, na nyasi ni mimi.

Mama yangu alizaliwa humu. Walihamishwa akiwa msichana, na katika nyumba yao ulibaki ukuta mmoja wa mawe wenye kidirisha, umekumbatiwa na mzizi wa mkuyu. Kila Jumamosi alikuja na kikapu na ufagio, kufagia chumba kisicho na paa. Akitoka nilimkagua kama mgeni yeyote, maana sheria inasema hata jani halitoki. Hakuacha kunitania.

"Kagua vizuri, afande. Huenda nimeiba kivuli."

Mwaka mzima wakubwa walivutana. Hawa walisema mzizi unakula ukuta, ukatwe. Wale walisema mti hauguswi. Mama alisema waachwe hao wawili, ukuta na mti, wamezeeka pamoja. Nilifikisha maneno yake ofisi zote mbili, nikajibiwa kwamba yatazingatiwa. Neno hilo limenichosha kuliko kusimama. Hatimaye wakaafikiana: mti ubaki, mzizi ule mmoja ukatwe, na mimi nimsimamie fundi wa msumeno.

Fundi alikata taratibu, kwa adabu kabisa. Mzizi ukaachia, na ukuta nao ukalala chini, kidirisha na vyote. Kumbe mzizi ndio uliokuwa umeushikilia. Fundi akaniangalia, mimi nikaangalia viatu vyangu. Moyo uliniuma hadi nikakaa juu ya mawe yale yale.

Jumamosi Mama alipita getini kama kawaida. Nilikuwa nimemweleza yote nyumbani. Alikaa kule muda mrefu, nami nikaamua: akija na jiwe kikapuni, sitaliona. Kazi na iende.

Akarudi, akanifunulia kikapu mwenyewe kabla sijaomba. Hakikuwa na kitu.

"Ufagio uko wapi, Mama?"

"Nimeuacha. Wa nini tena?"

Nikamfungulia geti. Hakunitania.