Kichwa cha Msusi

Walipohamia mji ule, mwenye sababu alikuwa mume. Alikuwa fundi wa lifti, na kule walikotoka lifti zilikuwa tatu tu, mbili kati yake zimekufa miaka nenda miaka rudi. Hapa kampuni ilimpa sare ya bluu na majengo kumi na mawili ya kuhudumia. Kila jioni alirudi ananuka grisi, uso umekunjuka kama mtu aliyetoka harusini. Wao wenyewe walipanga ghorofa ya nne katika jengo lisilo na lifti, na yeye akasema ni afadhali, angalau nyumbani asikute kazi.

Mkewe alikuwa msusi. Kwa miaka kumi na tisa alisuka katika chumba cha mbele cha nyumba yao, kwenye mtaa ambako alivijua vichwa vyote: nani ana utosi laini, nani hulia ukimvuta kidogo, nani huja kusukwa lakini hasa amekuja kusema. Watu walimwita Shangazi, hata waliomzidi umri.

Katika mji mpya alipata kazi mwezi wa pili tangu wafike, kwenye saluni yenye viti vitano. Chake kilikuwa cha mwisho, karibu na sinki. Mwenye saluni, mama mmoja aliyening'iniza miwani shingoni, alimpokea vizuri.

"Hapa tunakwenda haraka," alimwambia. "Mteja akikaa, muulize anataka mtindo gani, basi. Wengi wanamalizia kazi zao kwenye simu."

Ilikuwa kweli. Mteja wake wa kwanza alipoulizwa habari za nyumbani, alichomoa waya sikioni, akasema, "Samahani?" Alipoulizwa tena alijibu, "Nzuri," akauchomeka tena. Kwenye kiti cha pili kutoka mwisho alifanya kazi dada mmoja ambaye msusi alimwita moyoni mwake Kimya. Kwa siku nzima waliweza kubadilishana maneno saba, na matano kati yake yakawa ya kuombana chanuo.

Hivyo msusi akawa anarudi nyumbani mdomo umejaa maneno. Mumewe akimuuliza siku ilikuwaje, alijibu, "Nzuri tu." Jumapili mdogo wake akipiga simu kuuliza mji anauonaje, alijibu, "Aa, mdogo wangu, mji ni mji. Tumeshazoea." Huyo mdogo wake ndiye aliyekuwa akimsuka, kila baada ya wiki mbili, tangu wakiwa wasichana. Sasa alijisuka mwenyewe mistari minene mbele ya kioo cha bafuni, mabega yakimuuma.

Mwezi wa tano, akifumua nywele, chanuo lilirudi na nywele nyingi kuliko kawaida. Akapapasa nyuma ya sikio la kushoto. Vidole vikafika mahali palipokuwa laini kabisa, bila unywele, kiasi cha kizibo cha soda.

Aliketi kwenye ukingo wa beseni. Jambo hilo alikuwa ameliona kwa wengine, kwa mjane mmoja na kwa msichana aliyeachwa wiki moja kabla ya ndoa. Kila mara aliwauliza polepole, "Una jambo gani, mama?" Akajiuliza yeye sasa ana jambo gani. Hakufiwa. Hana njaa. Mume hajamkosea. Nani basi analilia mtaa, na mtaa bado upo palepale? Aliona aibu, akatafuta kilemba.

Alifunga kilemba wiki tatu. Mwenye saluni akavumilia mpaka akachoka.

"Mama, wateja wanatazama kichwa chako kabla ya kutazama mikono yako."

"Nina mafua."

"Mafua ya kichwani?" Mwenye saluni alimtazama juu ya miwani, akaenda zake.

Jumanne moja mvua ilinyesha tangu asubuhi na hakuna mteja aliyekuja. Mwenye saluni alikuwa ametoka kununua dawa za nywele. Msusi aliinama kwenye sinki kusuuza taulo, kilemba kikateleza, kikatumbukia majini. Alipogeuka, Kimya alikuwa amesimama nyuma yake.

Alikwenda mlangoni, akageuza kibao kikaonyesha pamefungwa, akarudi na kukipiga kiti kofi dogo.

"Kaa."

"Wateja je?"

"Wako kwao na mvua yao. Kaa, mama."

Akakaa. Kimya alimfumua mstari mmoja mmoja bila kumvuta hata mara moja, na msusi, ambaye aliijua kazi, aliutambua mkono mzuri.

"Vipara viko viwili," Kimya alisema.

"Nilidhani kimoja."

"Cha kisogoni usingekiona." Akaweka chanuo chini. "Una jambo gani?"

Msusi alifungua kinywa aseme hana. Kilichotoka ni kingine: "Hakuna anayeniita Shangazi." Akaanza kulia, mtu mzima na taulo shingoni. Alisimulia chumba chake cha mbele, na jirani aliyekuwa akimsalimu kwa kugonga ukuta na kijiko. Alisimulia ngazi za jengo lao, ambako milango hufungwa ukisikika unapanda. Mwisho akasema lile lililomtisha zaidi, kwamba mumewe huimba asubuhi akivaa buti, na yeye hulala kitandani akiuchukia wimbo.

Kimya alimpaka mafuta, vidole vikizunguka taratibu.

"Mimi nina miaka sita hapa," alisema. "Mwaka wa kwanza nilikuwa naenda sokoni kuuliza bei za vitu nisivyovitaka, ili mtu anijibu."

"Kumbe? Na huongei kabisa."

"Hujaniuliza kitu. Unawauliza wateja tu."

Neno hilo lilimwingia. Miezi mitatu wamefanya kazi bega kwa bega, na hakuwahi kumuuliza hata ana watoto wangapi. Alimuuliza sasa. Alikuwa nao wawili, wanaishi kwa bibi yao.

"Tunyoe?" Kimya aliuliza baadaye.

"Tunyoe."

Mashine ilipozimwa, msusi alijitazama kiooni muda mrefu. "Masikio haya ni ya baba," alisema, akacheka, na kamasi bado zinamtoka.

Mwenye saluni alirudi, akagonga kioo cha mlango mpaka akafunguliwa. Alikiona kibao, akakiona kichwa, akavua miwani. "Haya ndiyo mafua yenyewe," alisema. Kisha akaongeza kwamba mtaa wa nyuma kuna daktari wa ngozi, na Ijumaa asije kazini, aende huko kwanza.

Nyumbani mume alisimama na buti moja mkononi. Mkewe alimweleza yote, na la wimbo pia.

"Miezi mitano nakuuliza siku ilikuwaje," alisema mume.

"Ulikuwa na furaha. Niliona nitakuharibia."

Mume alikaa chini, akalivuta buti la pili polepole. Ilionekana imemuuma. "Unataka turudi?"

Mkewe mwenyewe alidhani atajibu ndiyo. "Hapana," alisema, akashangaa mwenyewe. "Nataka niseme napaona pagumu, na wewe usikimbilie kupatengeneza."

Kwa fundi hilo halikuwa ombi dogo. Asubuhi iliyofuata alivaa buti kimya kimya, kama mwizi, na ukimya huo ukawa mbaya kuliko wimbo. Siku ya tatu mkewe akamwambia, "Imba basi, mume wangu."

Jumapili alimwambia mdogo wake ukweli. Mdogo wake akasema, "Afadhali umesema. Mimi tangu uondoke nimekuwa kama kuku aliyenyeshewa. Nilikuwa naona aibu, maana wewe ulishazoea." Walicheka, kisha wakalia.

Dawa ya daktari ilichukua muda. Nywele zilirudi laini kama za mtoto, baadhi nyeupe. Milango ya ngazini bado hufungwa, wateja bado huja na waya masikioni, ila mchana yeye na Kimya hula pamoja nyuma ya saluni, wamekalia ndoo mbili, na anayeongea zaidi siku hizi si yeye. Na bado kuna asubuhi huamka akautafuta mlango upande ulikokuwa katika nyumba ya zamani, akagusa ukuta, akasimama hapo kidogo kabla ya kugeuka.