Chupa Zilizoegemea Sinki

Saa mbili kasorobo asubuhi mwosha vyombo wa maabara alivaa glavu, akafungua maji ya moto, akaanza kusugua mirija ya jana. Sinki lake lilikuwa kona ya kulia, chini ya dirisha lisilofunguka. Maabara ile ilijaribu dawa za saratani ya utumbo mpana kwenye seli za binadamu. Seli zilikaa ndani ya chupa bapa, zimelazwa kwenye kabati lenye joto la mwili, zikinyweshwa maji ya rangi ya waridi. Maji yakigeuka manjano, basi zina njaa. Hayo hayakuwa yake. Yake yalikuwa sabuni, na kila Ijumaa, kuzimwagia dawa chupa zilizobaki ili seli zife kabla ya kutupwa.

Mtaalamu wa maabara, binti mwenye ulimi mwepesi aliyemwita mwosha vyombo Mama Sinki, ndiye aliyegundua kwanza. Seli za namba arobaini na moja zilikataa kuenea. Zimepewa chupa nzima, zenyewe zimejazana upande mmoja, ule unaotazama sinki.

"Mama Sinki, hizi zimekupenda," alisema bila kuondoa jicho kwenye darubini. "Nikizigeuza, kufika kesho zimerudi."

"Labda zinataka kuogeshwa."

"Na siku ukienda likizo?"

"Likizo nimeipata lini, mwanangu?"

Lakini siku alipoumwa jino akabaki nyumbani, zilihamia upande wa mashariki, kulikokuwa na nyumba yake. Binti akaandika daftarini: mashariki, leo tu.

Kisha Profesa, mkuu wa maabara, akaletewa barua kutoka nchi tisa zilikopelekwa seli hizo hizo. Kila moja ililalamika kwamba zinaegemea upande mmoja. Akatandika ramani mezani, akachora mistari tisa kwa rula. Ikakutana kwenye sinki. Akaagiza bomba la sinki libadilishwe, maana lilikuwa linavuja.

Mwosha vyombo alipoiona chupa kwenye mwanga, aliutambua mlalo ule. Marehemu mumewe, fundi viatu, alilala hivyo miaka ishirini na sita: kitanda cha futi tano, nusu yake tupu, naye amembana mkewe ukingoni mpaka goti linaning'inia. Hata hivyo hakutaka kumsingizia mtu aliye mbele ya haki. Alisubiri mchana, akaomba kuisoma kadi ya namba arobaini na moja. Mwanamume, miaka hamsini na nane, na tarehe. Ilikuwa tarehe ya upasuaji wa mumewe. Siku ile alitia sahihi uvimbe utolewe. Ukishatolewa unakwenda wapi, karatasi haikusema, wala hakuna aliyemwuliza.

Alifua koti lake la kazi, akalipiga pasi, akaenda kubisha hodi kwa Profesa.

"Karibu, mama. Sabuni imeisha?"

"Ipo. Nimekuja kwa huyo arobaini na moja. Ni mume wangu."

Profesa alivua miwani. "Nilihisi hivyo," alisema. "Mistari ile haikuwa na maelezo mengine. Pole sana. Anatusaidia mno, mama. Sasa ana ukoo mkubwa, nchi tisa."

Hawakuwa wamejaaliwa mtoto.

"Naomba chupa moja tu, nikamzike. Kaburini kule amelala pungufu."

"Haiwezekani. Hiyo ni taka hatari, sheria hairuhusu itoke mlangoni."

"Mbona inatoka kwenda nchi tisa?"

"Hiyo ina kibali."

"Basi andikeni jina lake kwenye chupa."

"Jina ni siri, mama. Tunalinda faragha yake."

"Faragha yake na nani? Chumbani kule tulikuwa wawili tu."

Profesa aliangalia saa. Hakuwa mtu mbaya. Kesho yake alimletea kiti kirefu, awe anaosha ameketi.

Mwezi uliofuata makala ya utafiti yalitoka. Binti alimsomea pale pale penye sinki, akimtafsiria polepole: seli za namba arobaini na moja huegemea upande mmoja, sababu haijulikani.

"Si mnaijua?"

"Tunaijua, Mama Sinki. Haina pa kuandikwa tu."

Ijumaa ile kulikuwa na chupa sita. Alizipanga kwenye trei, maji yake yameshageuka manjano. Mumewe alipokuwa na njaa alikuwa haongei, na sasa pia alikuwa kimya, amejibana upande wa aproni yake. Alifumba macho, akamwombea rehema, akamimina dawa, chupa baada ya chupa. Utando mwembamba ukabanduka taratibu, ukaelea kumfuata mpaka kwenye ukingo wa kioo, ukatulia.

Alihesabu. Tangu aajiriwe, Ijumaa mia moja na kumi na mbili. Mara ya kwanza kabisa alipofiwa nyumba ilijaa watu, viti vikaazimwa mpaka nyumba ya tatu, na hakuna aliyemwacha ashike hata kikombe.

Binti alipita na bilauri nane chafu. "Na hizi, Mama Sinki."

Akazipokea, akafungua maji ya moto.