Mama Maturubai Apigiwa Simu

"Huyo? Huyo mzembe." Sauti ya mama ilitoka kwenye simu iliyolazwa mezani, ikajaa chumba kizima. "Kumwamsha asubuhi peke yake ni kazi ya kulipwa."

Mtathmini akaacha kuandika. Mimi nikatazama viatu nilivyoazima kwa mwenzangu wa bweni. Vilikuwa vikinibana vidole.

Mtathmini huyo tulimwita Bi Ushahidi. Alisimamia tuzo ya stadi za kazi ambayo chuo chetu kiliwapa wanafunzi wa mwaka wa mwisho, na hakukubali neno lisilo na shahidi. Ukimwambia unajua kuongoza watu, anauliza nani alikuona. Ukimwambia una subira, anataka namba ya simu ya aliyekujaribu. Waliopata tuzo walipelekwa kwenye kampuni kubwa kwa miezi sita, na wengi waliajiriwa hukohuko. Niliitaka tuzo ile kwa kufa na kupona.

Wenzangu walileta mameneja na wakurugenzi, watu wanaojua kusifu. Mimi, tangu kimo changu kilingane na kiti, kazi yangu ilikuwa moja tu: kufunga maturubai ya mama. Aliyakodisha pamoja na viti kwa harusi, misiba na mikutano, na mji mzima ulimwita Mama Maturubai. Bi Ushahidi alipoona shahidi wangu ni nani, alikataa katakata. Mzazi gani, aliniuliza, atamkosoa mwanawe mbele ya watu? Nilimfuata ofisini, nikamfuata kwenye ngazi, nikamfuata hadi alipoegesha gari.

"Mwalimu, mama ndiye bosi wangu," nilimwambia. "Angekuwa bosi asiye mama yangu ungempigia. Mpigie, umuulize unalotaka."

"King'ang'anizi wewe," alisema akifungua mlango wa gari. "Haya. Njoo Jumatano."

Katika kung'ang'ania kwangu nilisahau jambo moja: mama hakuwa mtu wa kusifu. Kwake, mtoto anayesifiwa huvimba kichwa. Hata turubai lisimame vizuri namna gani, yeye angelizunguka mpaka apate kamba iliyolegea. Bi Ushahidi alihofia mama atanipamba, nami niliyelelewa na mama sikukumbuka kuhofia kinyume chake.

Simu iliendelea. Mama alisema mimi ni mbishi. Alisema nawajibu wateja kwa mkato, na kwamba nikishaamua jambo hasikilizwi mtu. Bi Ushahidi akafunika kalamu yake. Nilitaka kulia, lakini zaidi nilitaka nisilie. Nikainama juu ya meza, nikamnong'oneza, "Muulize nani alishika kazi alipolazwa."

Alinitazama kidogo, kisha akaisogelea simu. "Mama, ulipolazwa hospitali, kazi ilishikwa na nani?"

"Na nani tena? Si yeye."

"Ulikuwa ukimpigia kuangalia kama mambo yanakwenda?"

"Nimpigie ya nini?" Mama alishangaa kwelikweli. "Nilikuwa naumwa."

Bi Ushahidi akafunua kalamu. "Na mambo yalikwenda?"

"Upepo uling'oa turubai la harusi, bibi harusi yuko chumbani anavaa. Lilisimamishwa upya, na wageni wakakuta viti vyao. Hayo niliambiwa na mwenye harusi alipokuja kukodi tena. Huyo wako hapo hakunieleza hata neno."

"Kwa hiyo ungeweza kumwachia biashara yote?"

Nyuma ya mama nilisikia viti vya chuma vikipangwa, kimoja juu ya kingine.

"Mwalimu," alisema taratibu, "nikijibu vizuri, mtamchukua?"

"Atakwenda kwenye kampuni, mama. Huenda wakambakiza."

"Na mimi nibaki na nani?"

Bi Ushahidi akanigeukia. Niliona aibu kwamba swali lenyewe halikuwahi kunijia. Nilikuwa nimemwita mama atoe ushahidi wa kunitoa mikononi mwake. Nilifumbua mdomo niseme basi, tuache. Nikaufumba. Nilitaka kwenda, na mama angeujua uongo wangu hata kwa simu.

Viti vikaacha kugongana.

"Biashara nimeshamwachia zamani," alisema mama. "Ni vile tu sijamwambia. Mchukueni."

Jioni ile nilikwenda nyumbani, nikamkuta uani, turubai kubwa limetandazwa chini, yeye ameshika kona mbili. Hakuinua kichwa.

"Huyo mwalimu wako ana maswali."

"Nimefaulu, mama."

"Shika huko, linaburuta."

Nikavua viatu vya watu, nikashika. Siku hizi mimi ndiye ninayepigiwa simu niwasemee vijana wanaotafuta kazi, na kila nikiulizwa kama fulani anafaa, narudi kwenye ua ule. Turubai hukunjwa na watu wawili wanaotembea kukutana. Tulikunja, tukasogea, tukakunja tena, mpaka kona zangu zikafika kwenye mikono yake. Siku zote alikuwa akizipokea na kugeuka mara moja. Siku ile alizishika, akaishika na mikono yangu humo humo, akakaa hivyo.

Kisha akaniambia nimekunja upande, tulirudie.