Jiko Lisilotoa Moshi

Homgadi wawili, askari wa serikali wa kulinda kijiji, waliingia darasani bila kubisha hodi, wakasukuma kando sufuria ya mchuzi na kuweka kikapu juu ya meza ya Mwalimu Gacheri. Mchuzi ukamwagika. Gacheri aliutazama ukichuruzika hadi sakafuni, kisha akakitazama kikapu.

Alikijua. Kila mtu mle ndani alikijua. Kilikuwa kikapu kipana kilichoshindiliwa majani makavu ya migomba, katikati kimeachwa shimo la kutosha chungu, na juu yake mto wa gunia uliojazwa majani hayohayo. Unachemsha mahindi na maharagwe mchana kwa saa moja, unatia chungu humo kikiwa bado kinatokota, unafunika na mto. Chakula kinaendelea kuiva chenyewe, bila moto na bila moshi. Asubuhi ukifunua, mvuke unakupiga usoni.

Mwaka ule wa 1955 watu walikuwa wamerundikwa katika vijiji vilivyozungukwa na mahandaki, wasiwalishe wapiganaji wa msituni, na amri ilikuwa kwamba kufika saa kumi na moja jioni kila moto uwe umezimwa. Mwanamke atokaye shambani saa kumi ataivisha maharagwe saa ngapi? Ndiyo maana shule ya upishi pale mjini Meru ilifundisha kikapu. Sulemani, mwalimu mwenzake Gacheri, ndiye aliyeleta maarifa hayo. Alikuwa sajini aliyepikia jeshi miaka sita hadi Burma, na huko walitumia masanduku ya nyasi kavu. Gacheri, aliyepikia wagonjwa wa hospitali ya misheni miaka tisa kabla ya kuwa mwalimu, akabadilisha nyasi kwa majani ya migomba kutoka Mitunguu, ambayo hushika joto vizuri zaidi. Shule nzima haikuwa na walimu wengine ila hao wawili.

"Walimu," alisema Hedimani Muthamia, mkuu wa kijiji, akiingia nyuma ya watu wake. Alivaa koti la jeshi hata jua likiwaka. "Kitu hiki kimetoka msituni, juu ya Ruiri. Miezi mitatu ndege zinatafuta moshi huko, na moshi hakuna. Jana vijana wangu wamevamia kambi. Watu wamekimbia, lakini ndani ya kitu hiki tumekuta maharagwe ya moto. Ya moto, na jivu hakuna hata la kujipaka. Ninyi ndio wataalamu wa vyakula. Ni uganga gani huu?"

Wasichana kumi na wanne, kutoka Kianjai hadi Embu, waliinamia vitunguu vyao wakaendelea kukata. Kila mmoja wao alikuwa ameshona mto kama ule kwa mikono yake.

"Kwani Mzee," Sulemani aliuliza polepole, "nyumbani hujawahi kuona kitu kama hiki?"

"Nikione wapi? Mimi ni mwanamume. Mimi huletewa sahani."

Homgadi mmoja akacheka. Gacheri hakucheka. Alijua kwamba kikapu cha namna hiyo kilikuwa jikoni kwa Muthamia mwenyewe, kwa kuwa yeye ndiye aliyemfundisha mke wake, Karwirwa, kukishindilia. Mwanamume wa Kimeru haingii jikoni kuchungulia. Muthamia alikuwa akila muthere wa moto, yale mahindi na maharagwe, kila asubuhi, na hakuwa amejiuliza hata siku moja umetoka wapi.

Lakini swali la Sulemani lilimkaa vibaya. Mtu huulizaje swali kama hilo? Je, alikuwa anamwelekeza Hedimani kwa wanawake, ili kutoka kwa wanawake afike kwa Gacheri mwenyewe?

Muthamia akawatoa wasichana nje. "Nitawasikia mmoja mmoja. Sajini, wewe kwanza." Wakaingia stoo ya unga, mlango ukafungwa.

Gacheri akabaki kwenye benchi na homgadi aitwaye Rwamba, aliyeweka bunduki magotini kama mtoto anayelala.

"Mwalimu, leo mmepika nini?" Rwamba aliuliza.

"Ulichomwaga."

"Ulimi wako mkali. Mume wako Riungu naye alikuwa hivyohivyo. Bado yuko kizuizini, sivyo?"

Ndiyo, Riungu alikuwa kizuizini, mwezi wa kumi na nne sasa. Nyumbani kulikuwa na Mukiri, binti yao wa miaka minane, na zaidi ya huyo hapakuwa na mtu. Gacheri akichukuliwa leo, Mukiri angerudi kutoka shuleni akute mlango umefungwa, basi. Hakuwa na shangazi wala nyanya wa kumwachia. Kwa hiyo hesabu ya Gacheri ilikuwa fupi: lazima alale nyumbani leo.

Akisema hajui kikapu ni nini, na Sulemani awe amesema anakijua, yeye ni mwongo mwenye mume kizuizini. Hapo hakuna wa kumtetea. Basi swali lilikuwa moja tu: Sulemani anasema nini huko ndani?

Akaanza kumpima. Wamefanya kazi pamoja miaka mitatu, na bado hakuweza kusema anamjua. Yeye ni mtu wa Majengo, Mwislamu wa mjini. Hatakiwi pasi ya kutembea wala hakulishwa kiapo cha watu wa msituni. Kila Ijumaa baada ya swala hukaa kwenye bucha la Saad akinywa kahawa na homgadi haohao. Ana kijitabu anachoandika na kukifunika mtu akikaribia. Yeye husema ni vipimo vya viungo. Na wiki mbili zilizopita, wakiosha vyombo, alimuuliza kitu cha ajabu.

"Mama Mukiri, kikapu chako cha nyumbani bado unacho?"

"Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Hakuna mtu aliyekuwa anauliza tu mwaka ule. Gacheri alikuwa nacho, tena kilikuwa chini ya kitanda, lakini usiku ule alilala macho wazi. Sasa alikiona kikapu cha msituni juu ya meza, na akaona namna kilivyoshindiliwa: tabaka baada ya tabaka kwa kuzunguka, kama askari anavyofunga blanketi. Wanafunzi hawashindilii hivyo. Sulemani ndiye aliyeshindilia hivyo. Au mtu aliyefundishwa naye kwa makini.

Ikamjia fikira ya pili, mbaya kuliko ya kwanza. Kama yeye ndiye aliyekipeleka msituni, atamtafuta mtu wa kubebeshwa. Na mtu huyo ameketi hapa kwenye benchi.

Mlango ukafunguliwa. Sulemani alitoka akipangusa mikono kwenye aproni, na alipompita alimtazama mara moja, kisha akatazama sakafu. Rwamba akamwelekeza nje. Gacheri akaitwa ndani.

Muthamia alikuwa ameketi juu ya gunia la unga wa ngano. "Mwenzako ametueleza yote," alisema. "Imebaki wewe kukubali."

Gacheri alikuwa mama. Maneno hayo alimwambia Mukiri kila sukari ilipopungua: nimeshaambiwa, wewe kubali tu. Alijua kuwa ni mtego. Angeweza kunyamaza. Lakini akamfikiria tena Sulemani, mtu ambaye hakuweza kupita karibu na sufuria ya mwenzake bila kusema chumvi imezidi, mtu aliyesimulia sanduku la nyasi la Burma kwa kila mgeni. Mtu huyo aulizwe habari za chombo cha kupikia akae kimya? Haiwezekani. Ameshasema. Lililobaki ni amemtaja nani.

"Ni jiko," Gacheri alisema. "Sisi huliita jiko la kikapu. Linafundishwa hapa darasani, na serikali ilikuja ikaliona. Hakuna uganga. Moto ni wa mchana, majani yanahifadhi joto."

"Nani amekipeleka msituni?"

"Sijui. Kila nyumba yenye akili inacho. Hata kwako kipo, Mzee, nyuma ya pipa la maji. Muulize Mama Karwirwa muthere wako wa asubuhi unapashwa na nini, wakati moto umezimwa kwa amri yako."

Uso wa Muthamia ulikuwa wa mtu aliyegundua kwamba nyumbani kwake kuna chumba asichokijua. Kisha akatabasamu kidogo, na tabasamu hilo lilimtisha Gacheri kuliko bunduki.

"Vizuri, Mwalimu. Umesema kweli, utaenda nyumbani." Akasimama, akajikung'uta unga. "Mwenzako ameapa kwa dini yake kwamba ni kiota cha kuku wa kuatamia. Ati hajawahi kuona chombo kama hicho jikoni. Sasa kwa nini mpishi wa jeshi anidanganye, kama hana la kuficha?"

Walipomtoa Sulemani uani, pingu zilikuwa tayari mikononi. Wasichana walikuwa wamejipanga ukutani. Gacheri akaenda hadi karibu naye, na Rwamba hakumzuia.

"Mama Mukiri," Sulemani alisema kwa sauti ya chini, "nilidhani ni chako. Majani ni ya kwako yale."

"Mimi nilidhani ni chako. Kimeshindiliwa kama unavyoshindilia."

"Nimemfundisha nani kushindilia, kama si wewe?"

Homgadi wakampandisha nyuma ya lori. Jioni hiyohiyo amri ikatoka kwamba vikapu vyote vichomwe, na kijiji kizima kikatoa moshi hadi saa kumi na moja kasorobo. Tangu siku hiyo watu walikula maharagwe yanayogonga meno. Aliyekipeleka kikapu msituni hakujulikana.

Alhamisi Gacheri alikwenda Majengo, nyumbani kwa Sulemani. Mkewe, Hidaya, alikuwa mlangoni akichambua mchele, na hakumkaribisha.

"Na wewe hawakukushika," Hidaya alisema.

"Hawakunishika."

"Kwa nini?"

"Nilisema kweli. Nilifikiri yeye ameshasema."

"Kweli." Hidaya alitupa kijiwe mbali. "Kesho gerezani wanaruhusu apelekewe chakula kimoja. Na mimi sijui kupika, Mwalimu. Miaka kumi na moja hajaniachia hata kitunguu nikikaange. Anasema nakiunguza."

"Nipe sufuria."

Hidaya alimtazama, kisha akasogea kidogo, akampisha. Nyama ilikuwa ya bucha la Saad. Gacheri alikaanga vitunguu hadi vikawa rangi ya chai, akatia viungo, akatia mchele. Muda wote huo Hidaya alisimama kando yake, na hakuitazama sufuria. Aliitazama mikono ya Gacheri, inakwenda wapi na inarudi na nini.

Pilau ilipoiva, Gacheri alishika mwiko apakue.

"Ngoja," Hidaya alisema, akimnyooshea kijiko. "Onja wewe kwanza."

Gacheri alikipokea, akala kijiko kizima mbele yake, akameza. Hidaya akaendelea kumtazama, akisubiri aone kama ataanguka.