Kadi ya Padri na Kidonge cha Nesi

Kijijini Santa Prisca ukikataa mezkali, ile pombe kali ya mkonge, ni kama umemtemea mwenyeji mate. Sema una ini bovu, watakujibu kwamba hata babu yako alikuwa nalo na glasi hakuwahi kuirudisha. Sema unameza dawa, watakuuliza dozi inakwisha lini ili wakuwekee chupa. Sababu inayokubalika ni moja tu, nayo ni kadi ya kiapo. Unampigia Bikira magoti mbele ya Padri Crisóforo, unaapa kutokunywa, Padri anaandika tarehe ya mwanzo na ya mwisho, anagonga mhuri. Tangu hapo ukiionyesha kadi, chupa inakupita kimya kimya inamwendea mwenzako.

Ila tuseme ukweli, kadi zenyewe zilikuwa na milango mingi. Huyu kaapa mwaka mzima isipokuwa harusi. Yule isipokuwa Kanivali, misiba na mechi za timu ya taifa. Padri aliyaandika yote kwa mwandiko mzuri, na wiki haikuisha bila mwapaji mmoja kuokotwa mtaroni, kadi ikiwa salama mfukoni.

Eleuterio, mpiga tuba, lile tarumbeta nene kuliko yote, wa bendi ya kijiji, ndiye peke yake aliyefikisha miezi kumi na moja bila mlango hata mmoja. Eleuterio yuleyule ambaye harusi ya binti wa mwenyekiti alianguka juu ya keki, yeye na tuba lake. Padri akamjivunia kama aliyemfuga mwenyewe. Alimtaja kwenye mahubiri, na waumini wa parokia za jirani wakaja kumtazama akipuliza tuba bila kuyumba.

Asilolijua Padri ni kwamba kila siku saa mbili asubuhi Eleuterio aliingia zahanati kwa mlango wa nyuma. Nesi Obdulia alimpa kidonge na maji, kisha akamwambia afungue mdomo ainue ulimi. Kidonge chenyewe hakina mzaha. Ukikimeza halafu ukanywa pombe, uso unawaka, moyo unakwenda mbio, na unatapika mpaka unajuta kuzaliwa. Alikuwa ameandikiwa na daktari wa mjini, baada ya kulazwa siku tano kwa dawa nyingine za kumtuliza mwili.

Hata wazo la kadi lilikuwa la nesi. "Kidonge kitakuzuia wewe," alimwambia. "Kadi iwazuie hao wenzako."

Eleuterio hakusema neno kwa mtu. Padri alikuwa amekwisha kuhubiri kwamba wanaokimbilia vidonge imani imewapungua, na kijiji kingejua, kadi isingemkinga tena hata na kikombe kimoja.

Jumapili ya sikukuu ya Bikira ikafika, ikawa zamu ya Filogonio kuapa. Huyu ndiye mpiga ngoma kubwa wa bendi, kompadre wa Eleuterio, yaani aliyemsimamia binti yake ubatizo. Kila siku alianza kunywa kabla ya kuvaa viatu na akamaliza alipoanguka. Eleuterio hakuwa na wasiwasi. Viapo vya Filogonio havikuwahi kufika chakula cha jioni.

"Safari hii hakuna mchezo," Padri alitangaza kanisa likiwa limejaa. "Akishaapa nitamfungia chumba cha nyuma siku tatu, yeye, maji na rozari. Ufunguo nitakaa nao mimi. Na kwanza atatupa ushuhuda mtu aliyeweza kwa imani tupu. Eleuterio, njoo mbele."

Maneno ya nesi yalimrudia Eleuterio yote: anayekunywa kila siku akikatizwa ghafla bila dawa, anaweza kuanguka kifafa akafa. Akamwendea Filogonio kwenye benchi la mbele, akamnong'oneza, "Kompadre, usikubali kufungiwa. Nesi anasema ukikata ghafla unaweza kufa. Nenda kwanza ukamwone daktari."

"Wewe ulimwona daktari gani?" Filogonio akajibu, mikono ameibana katikati ya magoti isitetemeke. "Bikira alikutosha wewe. Kwani mimi kanichukia?"

Hapo Eleuterio aliogopa kweli. Uongo wake ndio uliokuwa unamwingiza rafiki yake chumbani.

Akapanda mbele. Padri akamshika bega kwa fahari.

"Mimi," Eleuterio akasema, "nameza kidonge. Kila siku, pale zahanati. Siku za kwanza nililazwa, la sivyo pengine ningekufa. Bikira nilimwomba, na naamini alisikia, lakini kidonge nacho nilimeza. Msimfungie huyu."

Mkono wa Padri ukaondoka begani. Kanisa likavuma mguno, na mtu nyuma akauliza kama basi ile kadi ni halali.

Kiapo cha Filogonio kikaahirishwa, mjadala ukahamia uani, ambako chakula kilikuwa tayari na hakuna aliyekigusa. Wazee wa kamati ya sikukuu walikaa chini ya turubai wakabishana kwa uzito ambao barabara mbovu ya kijiji haijawahi kuupata. Mmoja alisema ni mwapaji nusu. Mwingine akataka vikombe vyote alivyokataa tangu mwaka uanze vihesabiwe upya. Mwishowe Don Tranquilino, aliyeigharamia sikukuu, akaja na kikombe kimejaa, amevua kofia kwa adabu zote.

"Bila chuki, Eleuterio. Kama si kiapo, basi huna udhuru. Pokea."

"Nikinywa hicho, Don Tranquilino, mtanibeba."

"Mwaka jana tulikubeba mara ngapi, na nani alilalamika?"

Watu wakacheka. Kikombe kilibaki pale pale kifuani pake, harufu ikimpanda puani, na Eleuterio, nisiwafiche, alikitamani. Mara mkono ukapenya kati yao, ukitetemeka hata mezkali ikamwagika nusu, ukakichukua.

"Kompadre anaruhusiwa kumnywea kompadre," Filogonio akasema, akakimaliza. "Na nesi kasema nisikate ghafla. Mimi namtii nesi."

Wazee wakatazamana. Desturi ilikuwa upande wake, wakaigeukia nyama.

"Saa ngapi pale zahanati?" Filogonio akamuuliza Eleuterio kwa sauti ya chini.

"Saa mbili."

Jumatatu saa mbili Filogonio hakuwepo. Walikuwepo wanaume tisa, kofia zimeshushwa hadi puani, kila mmoja akimwambia nesi amekuja kwa kikohozi. Eleuterio hakungoja hata kidonge chake. Alikwenda mbio hadi kwa kompadre wake.

Alimkuta ameketi kitandani, ameoga, nywele zimechanwa, amevaa shati jeupe la bendi. Shati lilikuwa wazi kifua chote.

"Nimeamka saa kumi na moja," Filogonio akasema bila kumtazama. "Vifungo vimenishinda. Siwezi kupita uwanjani hivi, watasema nimelewa, na leo sijanywa ila kidogo, cha kutembelea tu."

Eleuterio akapiga magoti sakafuni, akaanza kumfunga vifungo kimoja kimoja kuanzia chini, kama alivyokuwa akimfungia binti yake siku za shule. Filogonio alilia, naye akajifanya haoni. Alipomaliza cha shingoni akamshika mkono, wakatoka, wakapita katikati ya uwanja, na zahanati wakaingia kwa mlango wa mbele.