Toba Iliyozuia Kiama

Wiki ile Ustadhi Feisal alipotangaza kwamba Kiama kitasimama Ijumaa, wafuasi wake walizunguka Kaole nzima wakiomba radhi. Kuku walioibwa, fitina, hata mambo ya wake za watu, yote yalimwagwa barazani. Mimi nilikaa kwangu nikisubiri. Kiama chao sikukiamini hata kidogo, maana saa yake anaijua Mungu peke yake. Ila nilimjua jirani yangu Mikdad: ni mwoga.

Alhamisi akaja, macho yamemwiva kwa kulia.

"Dada Batuli, nisamehe. Ule mnyaa, mti wa alama ya mpaka, niliung'oa mimi, nikaupanda ndani ya shamba lenu ili minazi iangukie upande wangu. Ile minazi ni ya mama yako."

Mama yangu, Bi Mwanahija, alikufa akiitwa mwongo kwa ajili ya minazi hiyo. Nililia mbele ya Mikdad, na sioni haya kusema. Nikamwambia nimemsamehe.

Ijumaa ikapita. Jumamosi majogoo wakawika kama kawaida, na Mikdad akaleta mkwezi kuangua nazi zilezile.

"Si ulisema ni za mama?"

"Yale yalikuwa maneno ya hofu, dada. Na wewe si ulishanisamehe?"

"Nilikusamehe dhambi. Nazi sikukusamehe!"

Nikajifunga kibwebwe, mimi huyoo hadi barazani kwa Ustadhi, Mikdad nyuma yangu akilalamika. Wafuasi walikuwa wamejaa, nyuso zinang'aa utadhani waliokosea siku ni sisi. Ustadhi alikuwa akieleza kwamba hesabu yake haikukosea. Kiama kilikuwa njiani. Toba za watu wa Kaole ndizo zilizokizuia.

Nikangoja takbiri ziishe, nikamweleza habari ya minazi. Akatabasamu.

"Bi Batuli, yaliyopita si ndwele."

"Sawa, Ustadhi. Ila nieleweshe. Toba ndizo zilizozuia Kiama?"

"Ndizo."

"Na ya Mikdad imo?"

"Imo."

"Basi kaivunja asubuhi ya leo. Hicho Kiama kitaendelea kungoja huko njiani?"

Wa kwanza kumgeukia Mikdad alikuwa Mardhiya, mkewe mwenyewe.

"Baba Salumu, rudisha minazi ya watu! Unataka kutuangamiza?"

Wengine wakadakia, hawakumwacha hata apumue.

"Nairudisha," akasema Mikdad.

"Minazi nitaichukua mwenyewe," nikamwambia. "Wewe sema la mama."

Akasimama mbele yao wote, akitazama miguu yake. "Bi Mwanahija hakuwa mwongo. Mwongo nilikuwa mimi."

Nikamwambia arudie kwa sauti. Kaburi la mama liko ng'ambo ya ukuta wa baraza, na tangu uhai wake alikuwa mzito wa kusikia.